Rangi za watoto za kuchorea kwa vidole: ipi ni salama na huwa zinapimwaje?

Mama Kituo
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto huku Mikanjuni, Tanga, wapo wa kuanzia mwaka na nusu mpaka minne, na kila wiki tunawachoresha kwa vidole, yaani tunamwaga rangi kwenye sahani wao wanachovya mkono mzima wanapaka kwenye karatasi, hiyo kazi wanaipenda kuliko zote. Sasa mnawajua watoto wa umri huo, mkono ukitoka kwenye rangi unaenda mdomoni, na hata mkiwa walezi watatu hamuwezi kuwazuia wote kwa wakati mmoja.

Nina seti mbili za rangi. Ya kwanza mdogo wangu aliniletea kutoka Dar, ina stika imeandikwa EN 71-7, kuna jina la kampuni na anwani yake na namba ya toleo. Hiyo mtoto mmoja aliilamba akalia sana, anatema mate tu, nikaigusa na mimi kwa ncha ya ulimi ni chungu kama shubiri. Mama yake alivyokuja kumchukua akapandwa na hasira, anasema nawapa watoto sumu. Seti ya pili nimenunua hapa hapa mjini, chupa sita, inanukia stroberi vizuri kabisa, imeandikwa NON TOXIC kwa herufi kubwa lakini kiwanda hakijatajwa, na kuna watoto wawili wakiishika wanatoka vipele vidogo vidogo katikati ya vidole. Wazazi wanataka niendelee na hii ya stroberi kwa sababu haina uchungu.

Naomba mnisaidie, ipi ni salama? Hivi vitu huwa vinapimwa vipi, na je naweza kupima mwenyewe hapa kituoni? Kuna jirani pia kanishauri niachane na za dukani, nipike uji wa ngano nitie ile rangi ya unga ya kutilia ukili. Sitaki kumuumiza mtoto wa mtu.

Binti Ngamiani
Dada pole sana. Mi naungana na huyo jirani yako, rangi ya ukili ni rahisi, paketi moja inatoa rangi nyingi na inashika kweli kweli, shangazi yangu anasuka mikeka miaka yote anatia mikono humo na yuko vizuri tu. Ya dukani yenye uchungu namna hiyo mi nisingempa mwanangu, kitu chungu mwili wenyewe unakikataa.

Kijana wa Pongwe
Mama Kituo habari. Mimi ni mzaliwa wa Pongwe, nafanya kazi maabara ya kemia, na Binti Ngamiani naomba usinielewe vibaya dada yangu ila hapo lazima nikupinge, maana hili ni la watoto.

Tuanze na uchungu. Ule uchungu umewekwa makusudi. EN 71 ni kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea watoto, kina sehemu nyingi, na sehemu ya 7 ni ya rangi za vidole peke yake. Mule ndani kuna sharti kwamba rangi lazima itiwe kitu kichungu ili mtoto akiilamba mara moja asirudie. Kinachotumika sana kinaitwa denatonio, kiligunduliwa Scotland mwaka 1958, na kiasi kidogo mno kinatosha kumfanya mtu ateme. Kwa hiyo mtoto wako kulia na kutema ndo rangi imefanya kazi yake. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo inayonukia stroberi, kwa sababu harufu ya tunda inamwita mtoto ailambe, na hakuna kitu cha kumsimamisha.

Sehemu hiyo ya 7 haiishii kwenye uchungu. Inataja rangi zipi zinaruhusiwa na zipi hapana, inataja dawa za kuzuia kuoza zinazoruhusiwa na mwisho wa kiasi chake, inataka pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au magadi, iwe kati ya 4 na 10 ili isiunguze ngozi, na inapima zile kemikali zinazoitwa amini aromatiki, ambazo baadhi yake zinasababisha kansa na zinaweza kutoka kwenye rangi za kundi la azo. Halafu ndo inakuja sehemu ya 3, ya metali: risasi (namaanisha ile metali, siyo ya bunduki), kadimi, zebaki, aseniki, kromi na nyinginezo, jumla 19.

Hicho kipimo cha metali ukikiona unaelewa kwa nini hakifanyiki nyumbani. Unapima rangi kwenye mizani, unaitia kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, 0.07 mol kwa lita, asidi yenyewe uzito wake mara 50 ya rangi. Unaweka kwenye joto la nyuzi 37, unaitikisa saa nzima, unaiacha itulie saa nyingine, halafu unachuja na yale maji unayapeleka kwenye mashine inayosoma metali. Kwa nini asidi na kwa nini 37? Kwa sababu hilo ndo tumbo la mtoto. Swali siyo rangi ina nini ndani ya kopo, swali ni nini kitatoka mtoto akiimeza. Kwa rangi ya majimaji kama zako, Ulaya hawaruhusu risasi inayotoka kwenye rangi izidi miligramu 0.5 kwa kilo. Kwa rangi ya ukutani kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni miligramu 90 kwa kilo, na hiyo ni risasi yote iliyomo siyo inayotoka tu. Hizo namba hazilingani moja kwa moja lakini zinakuonyesha kwamba rangi ya mkononi mwa mtoto inachungwa kivyake, na kwamba ya ukutani hata ikiwa nzuri kiasi gani haiji kwenye sahani ya mtoto.

Sasa rangi ya ukili. Ile ni rangi ya kutia kwenye majani na nyuzi, inashika vizuri kwa sababu imetengenezwa ing'ang'anie. Hakuna aliyeipima kwa ajili ya kumezwa. Paketi zinazouzwa sokoni nyingi zimefungwa upya kwenye vikaratasi, huna jina la kemikali wala la kiwanda. Shangazi ni mtu mzima, halambi mikono yake. Mama Kituo tafadhali, hiyo usiijaribu hata mara moja.

Nesi Usagara
Nakazia hapo kwa Kijana wa Pongwe. Mimi ni muuguzi, na suala la risasi watu wanalichukulia kirahisi kwa sababu mtoto haonyeshi chochote. Hana homa, hatapiki, anacheza kama kawaida, kumbe inaharibu ubongo taratibu, baadaye ndo unaona hatulii, anachelewa kusoma, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na mtoto mdogo akimeza risasi mwili wake unafyonza mara 4 mpaka 5 zaidi ya mtu mzima. Ndo maana hoja ya "mbona sisi tulikua hivo hivo" mimi siikubali kabisa kwenye jambo hili.

Hao wawili wanaotoka vipele wasiishike tena hiyo rangi. Inaweza ikawa dawa ya kuzuia kuoza iliyomo ndani, kuna moja maarufu kwa mzio inaitwa methilisothiazolinoni, kwenye lebo mara nyingi wanafupisha MI. Ulaya kwenye vitu vya watoto vya majimaji wameibana mpaka miligramu 0.25 kwa kilo. Ngozi ikishazoea kuikataa, mtoto anaweza kuja kupata shida hata kwa shampuu au wipu zenye kitu hicho hicho. Waoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, vipele vikizidi au vikitoa maji mwambie mzazi ampeleke hospitali, na aende na hiyo chupa daktari aione.

Mama Kituo
Asanteni sana jamani, hili la uchungu nimelisoma mara mbili mbili. Kijana wa Pongwe swali moja, nimeona mtandaoni wanauza vijiti vya kupimia risasi, unapaka kinabadilika rangi. Hivyo vipi? Halafu hilo neno NON TOXIC si lina maana yake kisheria?

Kijana wa Pongwe
Vijiti usitegemee. Vingi vinageuka pinki au vyekundu vikikutana na risasi, sasa wewe unapima rangi nyekundu, utajuaje wekundu umetoka wapi? Mwaka 2007 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za majumbani ilivijaribu ikawashauri wananchi wasivitegemee, vingine vilishindwa kuona risasi iliyokuwepo na vingine viliiona ambako haipo. Kitu unachoweza kufanya mwenyewe ni pH kwa karatasi ya rangi, ukipata kwa mwalimu wa kemia, ila hiyo inakwambia kama itaunguza ngozi tu.

Kuhusu NON TOXIC, peke yake mtu yeyote anaweza kuchapa. Marekani neno hilo lina uzito pale linapoambatana na ASTM D4236, kiwango chao cha lebo za vifaa vya sanaa, maana bidhaa za sanaa kule sheria inataka mtaalamu wa sumu apitie mchanganyiko wote, na ile alama ya AP kwenye duara inatolewa na taasisi yao ya vifaa vya sanaa. Hata alama ya CE ya Ulaya, ya kusema bidhaa inatimiza masharti yao, kwa vitu vya namna hii kwa kawaida anayebandika ni mtengenezaji mwenyewe kwa kiapo chake, ndo maana mimi naangalia kwanza jina, anwani na namba ya toleo, mtu aliyejitaja unaweza kumfuata. Asiyejitaja utamfuata wapi? Na stika nayo inaweza kughushiwa, kwa hiyo hata seti yako ya kwanza muombe muuzaji wa Dar ripoti ya maabara ya toleo hilo. Wauzaji makini wanayo.

Bi Mkubwa Muheza
Wanangu nawasikiliza. Mimi nina wajukuu wanachezea rangi ninazowapikia mwenyewe, mwalimu nakupa uone kama itakufaa. Unachukua unga wa muhogo au kornflawa, unakoroga na maji baridi kwanza usifanye madonge, unapika moto mdogo mpaka uwe mzito unateleza, unaacha upoe. Nyekundu natumia choya, nachemsha maua nachuja. Kijani mchicha uliosagwa na kuchujwa. Njano ni manjano, na ukitia bekingi soda kidogo ile njano inageuka ya machungwa kuelekea nyekundu, watoto wanafurahi sana kuona.

Ila manjano nunua yale mazima, ya mzizi, uyaparuze mwenyewe. Huku kwetu Muheza yapo. Ya unga unga usiyemjua aliyeyasaga acha, nilisikia redioni kwamba kule Bangladesh walikuta manjano yametiwa rangi yenye risasi ili yang'ae.

Kijana wa Pongwe
Shikamoo Bi Mkubwa. Ulichosikia ni kweli kabisa, ni kromati ya risasi, utafiti wake ulitoka mwaka 2019, na ndiyo hiyo hiyo iliyotumika miaka mingi kwenye rangi za njano za ukutani. Mapishi yako ni mazuri. Naongeza mawili: hiyo haina dawa ya kuzuia kuoza, kwa joto la Tanga iishe siku hiyo hiyo, inayobaki mwaga. Na mlezi anayetumwa dukani aelewe ni bekingi soda ya mapishi, asije akaletewa kostiki soda ya kutengenezea sabuni, hiyo inaunguza mikono na macho.

Binti Ngamiani
Nimewaelewa, rangi ya ukili naiondoa kwenye ushauri wangu. Bi Mkubwa asante kwa choya, sikuwahi kuwaza.

Wakala Bandarini
Habari wakuu. Mimi natoa mizigo hapa bandarini. Mwenye mamlaka ya viwango ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanafanya kazi kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na tangu 2012 kuna utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, mzigo unakuja na cheti. Kwa hiyo muuzaji wa jumla aliyeingiza kihalali ana makaratasi, muulize bila kuogopa, ni haki yako kama mnunuzi. Akikwepa kwepa, mimi nisingeendelea kununua kwake.

Malalamiko ya bidhaa yanapokelewa TBS, na maabara zao ziko Ubungo Dar. Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana maabara Dar. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea sampuli ya mtu binafsi kwa kipimo hicho, gharama ni kiasi gani na wanataka ujazo gani. Vituo vitatu vinne mkichangia haitawaumiza.

Mama Kituo
Nimeshaziweka zile za stroberi juu ya kabati, hakuna mtoto anayezigusa tena. Kesho kutwa nina kikao na wazazi, nitawaonyesha stika ya ile ya kwanza na kuwaeleza uchungu umetoka wapi, na ripoti nimeshaiomba kwa muuzaji wa Dar. Mpaka ije watoto watatumia mapishi ya Bi Mkubwa, na yule wa mwaka na nusu atakaa na mlezi wake ubavuni muda wote wa kuchora. Wenye vituo Makorora na Chumbageni mkitaka tuchangie kipimo niandikieni.

Wakala Bandarini
Vizuri sana mama. Kwenye sampuli, usipunguzie kwenye chupa ya maji ukaituma hivo. Peleka chupa ambayo haijafunguliwa, ikiwa na stika yake yote, pamoja na risiti ya duka, na ubaki na nyingine ya toleo hilo hilo kituoni ikiwa imefungwa. Ukipeleka iliyofunguliwa muuzaji atasema rangi mlichanganya wenyewe, na hapo majibu yoyote yatakayotoka hayatakusaidia kumfanya aitoe dukani.