Naomba ushauri: ndugu waliopotea Mayotte baada ya kimbunga Chido

Assalaam alaykum ndugu zangu. Shangazi na wanawe wawili, wenyeji wa Wete, kisiwani Pemba (Zanzibar), walikuwa wakiishi Mamoudzou kwenye kibanda cha mabati mlimani, kimbunga kilipopiga Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa karibu na Komoro, tarehe 14 Desemba 2024. Simu hazipatikani tangu hapo. Hawakuwa na makaratasi, na wa namna hiyo wengi hukwepa kujiandikisha.

Ombi la kutafutiwa lipo Msalaba Mwekundu: majina matatu matatu, mwaka wa kuzaliwa, picha, mtaa wa mwisho. Wasiwasi wangu ni majina. Kule huandikwa Kifaransa, Juma akawa Djouma, Shaibu akawa Chaibou, na jina la babu likachukuliwa kuwa la ukoo; mama na mtoto hawaonekani tena kuwa wamoja. Halafu ukiandika "Pemba" tu, mtu atadhani ule mji wa Msumbiji, na Chido ilipiga huko pia!

Sasa, niongeze tahajia zote kwenye fomu ileile, au kila mtu afunguliwe ombi lake? Na yupo aliyepata habari kupitia misikiti au jamaa wa Kingazija walioko huko? Alianzia wapi?