PhD ya Kijapani: niende kwa hela yangu au nisubiri ufadhili? Naombeni ushauri wakuu

Wino_Mkavu (mleta mada)
Wakuu heshima kwenu. Humu mimi ni msomaji wa kimya, ila leo maji yamenifika shingoni.

Nina uzamili wa isimu, na Kijapani nimekisoma tangu shahada ya kwanza. Nataka PhD hukohuko Japani. Mada yangu ni yale maneno ya kuhesabia: kalamu na chupa zinahesabiwa kwa -hon, karatasi na mashati kwa -mai, paka kwa -hiki, magari kwa -dai. Nataka kuyalinganisha na ngeli zetu. Nimepata profesa wa huko, amekubali kunisimamia.

Kila ninayemwambia ananiuliza "utakula nini?" Je, PhD ya lugha inalipa? Na niende kwa akiba yangu au nisubiri ufadhili? Ushauri wa kujenga tafadhali, muda umenibana.

Mpiga_Debe_Mstaafu
Miaka yote hiyo darasani kujifunza kuhesabu kalamu. Mimi zangu nahesabu moja, mbili, tatu na maisha yanakwenda.

Mama_Pacha
Elimu haiozi. Mdogo wangu alichekwa sana alipochagua Kichina. Leo anafanya ukalimani kwenye mikutano ya watu wakubwa, na wale waliomcheka wanampigia awasomee maelekezo ya mashine walizoagiza. Nenda mwanangu, ila usiende kwa kuwakomoa watu. Na mambo ya ndoa umeyapanga vipi? Hukuyagusa kabisa.

Kanji_Sugu
Mimi nimesoma huko, chuo sikitaji. Kabla ya kuuliza inalipa au hailipi, jibu haya. Una miaka mingapi? Kijapani chako kimefika N ngapi kwenye mtihani wa JLPT (N5 ndiyo ya chini, N1 ya juu)? Na profesa wako amebakiza miaka mingapi kustaafu?

Wino_Mkavu
Shukrani mkuu. N2 ninayo, mwezi wa nne ndiyo nimeipata. Umri ni 34. Profesa ni mtu mzito kwenye eneo hili, kila makala ninayofungua imemtaja, na kwenye barua pepe ni mkarimu mno. @Mama_Pacha ndoa tuiache kwanza mama.

Kanji_Sugu
Hapo umejibu mawili. Tuanze na umri. Ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, kwa watafiti unataka uwe hujafika miaka 35 ifikapo Aprili 1 ya mwaka wa kwenda. Ukiombea ubalozini unaomba mwaka huu, unaondoka mwakani. Aprili hiyo utakuwa na ngapi?

Wino_Mkavu
35. Natimiza Februari.

Kanji_Sugu
Basi swali la kusubiri limekufa lenyewe. Inauma, kwa sababu wale wanalipiwa ada yote, nauli, na mwanafunzi wa uzamivu anapewa kama yen 145,000 kwa mwezi. Ipo JSPS, shirika lao la kukuza sayansi, lina nafasi za watafiti wachanga, na uraia hawaulizi, ila ile ni ya watu waliokwisha kuingia uzamivu au wanaokaribia kuingia, na ushindani wake ni wa kutoana roho.

Halafu hiyo N2. Mimi nilikwenda na N1 kifua mbele. Zemi yangu ya kwanza (semina ya profesa na wanafunzi wake) niligawa karatasi mbili za muhtasari, kila mtu mezani akachomoa penseli. Dakika ishirini nzima tulikaa kwenye aya ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimechanganya "wa" na "ga", vile vineno vyao vya sarufi, mahali ambapo hoja yote ilitegemea. Hakuna aliyenicheka wala kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. Karatasi yangu ilirudi ina alama nyekundu kuliko maandishi niliyochapa.

Narudia la tatu: anastaafu lini?

Bwana_Ngeli
Ngoja kwanza, mimi hiyo mada ndiyo inanikera. -hon na -mai zinakaa kwenye namba tu. Ukiacha kuhesabu, hazipo. Ngeli zinakamata sentensi nzima: kiti kile kirefu kimevunjika, ki- kila mahali, uhesabu usihesabu. Wanaisimu wameshatenganisha mambo haya mawili zamani. Ukienda na pendekezo la "kulinganisha" bila kusema unalinganisha nini hasa, utatafunwa siku ya kwanza. Labda uniambie unaangalia maana, yaani kwa nini umbo la kitu, urefu na ubapa vina uzito kote kuwili. Hapo nitakaa chini nikusikilize.

Na kabla hujalipa senti, fungua Shonagon. Ni ukurasa wa bure wa kutafutia maneno kwenye hazina ya maandishi ya taasisi yao ya taifa ya lugha, ile ya Tachikawa. Hazina ina maneno zaidi ya milioni 100. Tafuta -hon ikiwa na vitu visivyoshikika: simu iliyopigwa, filamu, shuti la mpira. Zote hizo wanazihesabu kwa -hon, na hakuna hata moja iliyo ndefu. Ukishindwa kueleza hilo kwa ukurasa mmoja, PhD bado.

Wino_Mkavu
@Bwana_Ngeli asante sana, maana ndiyo ninayoitaka, upatanisho wa kisarufi nimeuweka pembeni. @Kanji_Sugu sioni kustaafu kwa mtu kunahusianaje na kazi yangu, ila kwa kuwa umeng'ang'ana: ana 63.

Kanji_Sugu
Ndiyo hiyo niliyokuwa naitafuta. Vyuo vingi vya taifa huko vinastaafisha wakiwa na 65, na mtu anaondoka mwisho wa Machi, mwaka wa masomo unapofungwa. Unaingia moja kwa moja uzamivu au unaanzia kenkyusei?

Wino_Mkavu
Kenkyusei mwaka mmoja, kuanzia Aprili, ndipo nifanye mtihani wa kuingia. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza.

Kanji_Sugu
Piga hesabu hiyo polepole. Kenkyusei ni mtafiti asiye kwenye shahada, mwaka wake hauhesabiki kwenye ile mitatu ya uzamivu. Akiondoka akiwa na 65, mwaka wako wa kwanza naye unakwisha ukiwa hujaingia hata mlangoni. Wa pili unaingia, ndiyo unazoea zemi, na Machi anakabidhi funguo za ofisi. Miaka miwili ya kuandika, ile yenyewe hasa, unabaki na mtu ambaye hakukuchagua. Kwenye fani zetu huko wapo wengi waliomaliza krediti zote wakatoka bila shahada, na wanaiandika hivyohivyo kwenye wasifu wao. Huwa haitokani na uvivu. Mara nyingi ni msimamizi.

Wino_Mkavu
Amesema ataendelea kunisaidia hata akistaafu. Na hakuna mwingine anayefanya mada hii vizuri kama yeye. Siwezi kumwacha mtu aliyenipokea nikaanza kubisha hodi upya.

Salama_Tu
Kusaidia na kusaini ni vitu viwili, dada (au kaka). Profesa mstaafu kwa kawaida hawi msimamizi mkuu. Atakusomea sura zako kwa upendo, halafu anayekaa kwenye jopo ni mwingine.

Mimi mwenyewe PhD yangu (fasihi ya Kifaransa, si Japani) ilikaa bila mwenyewe msimamizi wangu alipohamia chuo kingine. Nilikabidhiwa kwa mama mmoja ambaye mada yangu hakuipenda na hakunificha. Nilimaliza, lakini tasnifu iliyotoka si ile niliyoingia nayo. Sura mbili nilizozipenda kuliko zote ziliishia kwenye kabati.

Kifaru_Mzembe
Wakuu amkeni, hii ni chai. Rudini juu: "N2 mwezi wa nne ndiyo nimeipata". Mtihani wa JLPT ni Julai na Desemba, basi. Wa Desemba majibu yanatoka Januari, wa Julai yanatoka Agosti. Mwezi wa nne umeitoa wapi? Kesho kutwa atatokea "rafiki" humu mwenye namba ya wakala anayepeleka watu Japani. Tumeshaziona hizi.

Mpiga_Debe_Mstaafu
Nilijua tu. Profesa mkarimu, mada nzuri, akiba ipo, umri unakaribia ukomo. Kila kitu kimekaa mkao wa tangazo.

Wino_Mkavu
Majibu niliyaona mtandaoni Januari. Cheti cha karatasi ndicho kilichonifikia mwezi wa nne kwa posta. Wakala simjui na sijaweka namba ya mtu.

Bwana_Ngeli
Tusigombane, nampa mtihani. Bila kufungua ukurasa mwingine: sungura anahesabiwa kwa nini?

Wino_Mkavu
Kwa -wa, kama ndege. Ndivyo ilivyozoeleka tangu zamani, ila siku hizi wengi wanasema -hiki tu kama paka. Na kabla hujaniuliza: ng'ombe na tembo ni -to, na kipepeo kwa wataalamu wa wadudu naye ni -to ingawa ana uzito wa unyoya. Hapo ndipo sura yangu ya tatu inapoanzia.

Bwana_Ngeli
Huyu wa kweli. Kipepeo nilikuwa sikumbuki.

Kifaru_Mzembe
Hayo hata mtandao unayajua. Nipo nasubiri namba ya wakala.

Kanji_Sugu
Iwe kweli iwe chai, atakayesoma uzi huu mwakani atakuta jibu. Wino, mwandikie sensei leo. Usimuulize kama atastaafu, unajua. Muulize jina la atakayekupokea, na kama huyo anaweza kuwekwa kwenye karatasi zako tangu mwaka wa kenkyusei. Hawaoni ni utovu wa adabu, wenyewe huwa wanalipanga mapema. Akikutajia jina, soma makala zake kabla ya kufurahi. Na kama unataka mtu mwenye Kiswahili upande wa pili, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama fani kamili, usidhani huko ngeli ni kitu kigeni. Ile ada ya kujiandikisha kenkyusei, yen 84,600, usiilipe mpaka umejibiwa.

Wino_Mkavu
Nimeshailipa. Na kazini barua ya kuacha iko kwa bosi tangu wiki iliyopita.

Salama_Tu
Sasa ulikuja humu kutafuta ushauri au baraka?

Wino_Mkavu
Vyote viwili. Siwezi kukaa nikisubiri kila kitu kinyooke, nimeshasubiri vya kutosha. Ila barua nimemwandikia, jibu limekuja asubuhi hii. Jina amelitaja: profesa mshiriki wa idara hiyohiyo, anashughulika na fonetiki ya lahaja, yaani matamshi.

Kanji_Sugu
Fonetiki. Haya. Una mwaka mzima wa kenkyusei, na mwaka huo hakuna anayekuzuia kuwaandikia watu wa vyuo vingine na kufanya mtihani wa kuingia kwao. Anza na wanaofanya semantiki, yaani maana, uwaandikie ukiwa hukohuko, na uombe kuhudhuria zemi zao. Una akiba ya miezi mingapi? Ada ya kenkyusei ni yen 29,700 kwa mwezi, na kibarua hawaruhusu zaidi ya saa 28 kwa wiki.

Mama_Pacha
Na hizo saa 28 asizimalize zote, atasoma saa ngapi? Mwanangu nijibu basi lile la kwangu.