Ile Episodi ya Chicago ni Dharau kwa Mtazamaji

Wakuu, nimetoka kuiangalia sasa hivi na bado natetemeka kwa hasira. Tamthilia ni Stranger Things, mnaijua. Msimu wa pili, episodi ya 7.

Ya 6 inaishaje? Yule dogo Will yuko kitandani, ameshasema wanakuja. Askari wameliwa kule kwenye mahandaki. Yale madude yanapanda kutoka shimoni, na polisi Hopper, Mike rafiki yake Will, na mama yake Will wamo humohumo maabara. Roho juu! Nabonyeza inayofuata, Eleven, yule binti mwenye nguvu za ajabu, anapanda basi kwenda Chicago.

BASI! Watu wanataka kuliwa, unanionyesha abiria!

Dakika 40 na ushee zinakatika hivyohivyo. Dustin hayupo. Steve hayupo. Kuna genge la wahuni wa mjini, mmoja ana kiduku, wanamlaza binti nywele na kumpaka wanja, eti kakomaa. Yule dada wa namba 008, aliyelelewa maabara kama Eleven, anawaonyesha watu buibui wasiokuwepo. Angenionyesha mimi ile maabara! Mpaka mwisho ndipo binti anafumba macho, anawaona Mike na Hopper kidogo tu, halafu, haya, BASI tena!

Wale mapacha walioitunga wanajua kuandika, ndiyo maana inauma. Madude yanapanda, wanakata, basi. Marehemu babu angefufuka kuizima.

Kiduku Original: Mkuu, hii ni ya 2017. Kwenu umeme umefika lini?

Mama Wawili: Mwacheni kaka wa watu. Mimi pale kwenye basi niliinuka nikasonga ugali, narudi bado wako Chicago.

Fundi Saa: Mleta mada hujaelewa stori. Pale kwenye behewa ndipo 008 anamfundisha binti kuvuta vitu kwa nguvu zake, akitumia hasira. Bila hivyo, lile lango la madude episodi ya 9 angelifunga na nini? Kufuli?

Mleta mada: Amfundishe hata mwaka mzima, lakini wenzake watoke maabara kwanza! Madude YANAPANDA, Fundi!

Mchele wa Mbeya: Na msimu wa tano, 2025, wamemrudisha huyohuyo 008. Jiandae.

Mleta mada: Nani kakuomba uniambie???

Kobe wa Pwani: Mnalilia basi? Sisi wa majoka, Game of Thrones, tuliisubiri ile vita ya usiku miaka na miaka, 2019 ikaja giza totoro. Nilijua runinga imekufa, nikaita fundi.

Fundi Saa: Ulimlipa?

Kobe wa Pwani: Alikaa akaangalia na yeye. Hakuona kitu.

Mama Wawili: Afadhali yenu. Ile Lost, ya ndege iliyoanguka kisiwani, misimu sita, mpaka leo ule moshi sijauelewa.

Kiduku Original: Mama, kisiwa usikiguse. Ulikuta iliyotafsiriwa? Yule jamaa anayetafsiri, watu wanakufa, yeye anatangaza duka la simu.

Mama Wawili: Huyohuyo! Kila mzungu anamwita Joni!

Kobe wa Pwani: Na anacheka kabla ya kichekesho chenyewe.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye basi.

Mchele wa Mbeya: Mwenye ile ya kisiwa isiyotafsiriwa aweke linki. Bando langu linakata saa 6 usiku.