Umri wa Homo sapiens: tovuti tatu, namba tatu. Niamini ipi?

Mdadisi

Habari zenu wakuu. Tumepewa kazi ya kurasa nane kuhusu mageuko ya binadamu na utamaduni wake wa mwanzo, kwa sharti la kutumia vyanzo vya mtandaoni vinavyoaminika. Nimekwama ukurasa wa kwanza kabisa. Tovuti moja inasema Homo sapiens, yaani binadamu wa aina yetu, ana miaka 130,000, nyingine 195,000, ya tatu 300,000. Zote zina picha nzuri za mafuvu na moja ni ya chuo kikuu. Nikachukua 195,000 kwa kuwa iko katikati. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Umeitoa wapi?" Nilipompelekea kiungo akaniuliza: "Na wao wameitoa wapi?" Hapo nikaishiwa maneno. Ninyi mnapimaje chanzo?

Kifutio

Mkuu usijisumbue. Wikipedia usiiguse, blogu usiziguse. Tafuta tovuti ya chuo au ya serikali, chukua namba yao, songa mbele. Mimi nilipita hivyo hivyo.

Mama Maktaba

Mdadisi mwanangu, mwalimu wako amekuuliza swali lenyewe hasa, usimkasirikie. Nimefanya kazi ya ukutubi miaka 22 na kosa ninalokutana nalo kila muhula ni hili: mwanafunzi anaiamini tovuti, mfupa wenyewe hata haujui jina.

Namba zako hazigombani. Mbili za kwanza ni za mifupa ileile! Ilipatikana Omo Kibish, kusini mwa Ethiopia, mwaka 1967, na timu ya Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale. Wakati ule walipima makombe ya chaza yaliyokuwa ardhini pale, wakakadiria miaka 130,000. Mwaka 2005 ikatoka makala nyingine iliyotegemea majivu ya volkano, ikasema 195,000. Halafu mwaka 2022, namba ambayo wewe hukuikuta kabisa, watafiti walilinganisha kemia ya majivu yaliyoifunika mifupa hiyo na ya volkano ya Shala, wakafikia angalau 233,000. Lishike hilo neno "angalau". Mfupa uko chini ya majivu, basi ulitangulia kulala pale. Kwa miaka mingapi, majivu hayasemi.

Ile 300,000 ni ya kwingine kabisa: Jebel Irhoud, Moroko. Wachimba madini walikuta fuvu pale mwaka 1961, na kwa muda mrefu likadhaniwa la Neanderthal, jamii nyingine ya binadamu wa kale, wa miaka kama 40,000. Watafiti wakarudi kuchimba upya, wakapata mifupa zaidi pamoja na vipande vya gumegume vilivyowahi kuungua motoni. Jiwe la namna hiyo hujikusanyia nishati kidogo kidogo tangu lilipoungua mara ya mwisho, na nishati hiyo hupimika. Majibu yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017.

Kwa hiyo anayeandika 130,000 leo si lazima awe mwongo. Amenakili kitabu cha zamani, au amemnakili aliyenakili.

Fanya hivi. Ishike ile sentensi yenye namba, tafuta rejea yake, fungua makala iliyotajwa. Makala ya kitaaluma huwa na DOI, namba yake ya utambulisho mtandaoni, inayoanza na 10. Soma ikisiri (muhtasari wa mwanzo), tazama mwaka, kisha itafute kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma, na ubofye orodha ya makala zilizoinukuu baadaye. Ukiwa na ile ya 2005 mkononi, njia hiyo inakupeleka mpaka ya 2022. Ukidaiwa pesa usikate tamaa, jaribu PubMed Central, hifadhi ya makala za sayansi mtandaoni, nyingi ziko bure.

Ndugu Kifutio, kwa heshima, sikubaliani nawe. Ukurasa wa chuo unaweza kuwa uliwekwa na mhadhiri aliyestaafu zamani na hakuna aliyeugusa tena. Na Wikipedia mimi nawaambia vijana waifungue, ila waanzie chini, kwenye marejeo. Jina kubwa peke yake halitoshi. Fuvu la Piltdown lilitangazwa Uingereza mwaka 1912 kuwa la babu wa binadamu, wanasayansi wenye sifa wakalitetea, na mpaka 1953 ndipo ikathibitika kuwa taya lilikuwa la orangutani na meno yamepigwa tupa yafanane na ya mtu. Kilichofichua ule uongo ni kuipima mifupa yenyewe.

Ocha Nyekundu

Naongezea upande wa utamaduni, maana huko ndiko watu wanakoteleza. Mwaka 2023 watafiti walidai kwamba Homo naledi, zamadamu (ndugu wa kale wa binadamu) wa pango la Rising Star kule Afrika Kusini, alizika wafu wake. Wiki chache baadaye ikatoka filamu na darasa zima likaandika "alizika". Lakini jarida lililochapisha, eLife, huweka maoni ya wahakiki pamoja na makala, na wahakiki wale wa mwanzo waliandika kuwa ushahidi hautoshi. Soma maoni hayo kabla hujasema lolote. Linganisha na vipande vya ocha (udongo mwekundu wa rangi) vilivyochorwa mistari vya pango la Blombos, hukohuko Afrika Kusini, vya miaka 70,000 na zaidi: hapo mistari unaiona kwa macho yako.

Na tafadhali, marejeo uliyopewa na akili mnemba yafungue moja moja. Mimi nilipewa matano yenye waandishi na kurasa kabisa, na mawili hayapo popote duniani.

Mdadisi

Shikamoo Mama Maktaba, na asante Ocha. Nimekaa nayo jioni nzima. Nimeanza na ile ya 2005, nikabofya zilizoinukuu, na ya 2022 nimeikuta! Mifupa yenyewe inaitwa Omo I. Swali la mwisho: kwenye kazi niandike 233,000 au 300,000?

Mama Maktaba

Marahaba mwanangu. Andika zote mbili, kila moja na mfupa wake, mahali pake na mwaka wa makala. Na "angalau" usiiache nje.