Maji ya bomba Barbados na Punta Cana: nina mtoto wa miezi saba, naomba ushauri

Mama Nuru

Habari zenu wakuu. Tunaishi Birmingham na mwezi wa pili tunakwenda likizo Caribbean. Wiki ya kwanza ni Barbados, tumepanga nyumba Christ Church, tutajipikia wenyewe. Ya pili ni hotelini Punta Cana, Jamhuri ya Dominika. Mdogo ana miezi saba, anatumia maziwa ya kopo. Mkubwa ana miaka sita na akipiga mswaki lazima ameze maji. Mume wangu anasema nisijisumbue, tumekulia Temeke na maji ya bomba tulikunywa. Mimi roho haijatulia. Waliofika huko naomba mnijuze: kunywa, mswaki, barafu, na hayo maziwa ya mtoto.

Baharia wa Tanga

Dada, sehemu ulizotaja maji yake hayafanani hata kidogo. Nimefanya kazi jikoni kwenye meli za watalii zinazozunguka visiwa hivyo, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Barbados kunyweni. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa chokaa ya matumbawe. Mvua inazama, inachujika taratibu ndani ya mwamba, kisha inavutwa kutoka visimani na kutiwa klorini. Birika litaota ukoko mweupe wa chokaa, usiogope. Wenyeji wanayanywa moja kwa moja kutoka bombani. Malalamiko ya maji ya kahawia yapo zaidi kaskazini, St. Lucy na St. Peter, kwenye mabomba ya chuma yaliyozeeka. Ninyi mtakuwa kusini. Hata hivyo siku yakitoka na rangi, achaneni nayo, nunueni ya chupa mpaka yatakate.

Punta Cana usinywe. Hata wenyeji hawayanywi. Utawaona vijana wa pikipiki wamepakia botellón, yale madumu ya plastiki ya kama lita 19, wanasambaza nyumba kwa nyumba kutoka colmado, duka la mtaani. Kama mwenye nchi ananunua maji ya kunywa, mgeni mwenye watoto anajaribu nini?

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanauliza kama maji yametibiwa. Mijini kwa sehemu kubwa yanatibiwa. Mimi huuliza mawili: bomba linatoa saa zote? Na kabla hayajafika kwenye glasi yamelala wapi? Penye mgao, bomba likikauka presha inashuka, na palipo na ufa linavuta majimaji ya udongoni, hata yaliyovuja kutoka shimo la choo. Maji yakifunguliwa tena yanakuja na yote hayo. Halafu yanaingia tangi la chini, yanapandishwa kwenye tinaco, simtank yao ya juu ya paa, yanakaa juani humo mpaka klorini inaisha. Yanaweza kuwa yalitoka mtamboni salama kabisa, yakaharibikia njiani.

Mswaki tumieni ya chupa, na ya mkubwa mpimie kwenye kikombe ili asifungulie bomba mwenyewe. Barafu ya hoteli kubwa kwa kawaida ni ya maji yaliyosafishwa, lakini uliza bila haya: "¿El hielo es de agua purificada?" Wahudumu wamezoea swali hilo. Nje ya hoteli, barafu na juisi za mkokoteni ziacheni zipite.

Kiongozi Mbagala

Mnatishana bure. Nilikaa Santo Domingo, mji mkuu wa hiyo Jamhuri ya Dominika, kwa kazi, nilikunywa ya bomba na sikuumwa hata siku moja. Matumbo yetu yameshazoea.

Nesi Asha

Kaka, tumbo lako ni lako, hapa tunazungumzia mtoto wa miezi saba. Mtoto mdogo akiharisha anaishiwa maji mwilini ndani ya saa chache.

Mama Nuru, maziwa ya kopo ya unga yachanganywe na maji yaliyochemka ambayo bado yana nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu hata unga wenyewe hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu. Chemsha, yasikae zaidi ya nusu saa, changanya, kisha poza chupa kwa kuiweka kwenye maji ya baridi. Hata ya chupa ya dukani yachemshe, nayo hayajatakaswa kwa ajili ya mtoto. Soma lebo: sodiamu, kule wameandika sodio, isizidi miligramu 200 kwa lita. Na salfeti isizidi 250. Kama mfuko unaruhusu, beba maziwa ya maji yaliyo tayari kwa ajili ya safarini.

Baharia wa Tanga

Asante sana dada Asha. Kaka Mbagala, sibishi kwamba hukuumwa. Ila kisiwa hicho Jamhuri ya Dominika inagawana na Haiti. Kipindupindu kilipozuka Haiti Oktoba 2010, mwezi uliofuata kilikuwa kimeshavuka mpaka, na Haiti kiliua karibu watu 10,000. Waliofariki nao walikuwa wamezoea maji yao. Shemeji naye, mwambie kwa heshima zote, kuzoea maji ya Temeke hakumkingi mtu na vijidudu vya kwingine, na mwanawe hajazoea ya popote.

Zuhura K

Na Jamaica je? Sisi tunafikiria Negril.

Baharia wa Tanga

Jamaica kwa kawaida maji ya bomba mijini na hotelini ni mazuri, yana klorini. Lakini Kimbunga Melissa kilipiga upande huo wa magharibi tarehe 28 Oktoba 2025. Umeme ukikatika pampu zinasimama, mabomba yanakauka, na tumerudi kulekule kwa presha. Mpigie mwenye hoteli umuulize kama maji yanatoka kila siku na kama kuna tangazo la kuchemsha. Msikanyage madimbwi ya mafuriko; baada ya Melissa walitangaza mlipuko wa leptospirosisi, ndiyo ile homa ya mgunda tuliyoisikia Lindi mwaka 2022, inatokana na mikojo ya panya. Ukitaka bomba lisilokupa wasiwasi, Aruba: wanatoa chumvi kwenye maji ya bahari tangu 1932.

Mama Nuru

Nimeandika kila kitu. Nyumba ya Barbados nimeona pichani ina tangi uani, nifanyeje?

Baharia wa Tanga

Muulize mwenye nyumba lilioshwa lini na kama bomba la jikoni linatoka humo au linatoka moja kwa moja kwenye mtandao wa mji. Ikiwa ni la mtandao, fungulia kidogo asubuhi yatiririke, kisha kinga. Ikiwa ni la tangi, chemsheni ya kunywa, ya wote.