Majirani Korti C, mtaa wa Shabab: zile bastola za watoto

*Alhamisi*

18:51 Mama Shiru (Kamati): Majirani habari za jioni. Naomba kila mtu asome hii mpaka mwisho. Saa kumi na mbili na robo kijana wa bodaboda aliyekuwa analetea Bi. Zainabu maziwa amesimamishwa hapa getini na watoto wawili wenye bastola. Ameangusha pikipiki injini ikiunguruma akakimbia mpaka barabarani. Lita kumi za maziwa zimemwagika zote. Bastola yenyewe ni hii.

18:51 Mama Shiru (Kamati): [Picha]

18:53 Mama Shiru (Kamati): Angalieni pale mdomoni. Ilikuja na ncha ya rangi ya chungwa. Wameipaka kiwi nyeusi ya viatu. Nimeishika mara moja tu na kidole changu mpaka sasa ni cheusi.

18:54 Mama Shiru (Kamati): Jumamosi saa kumi jioni kila nyumba yenye bunduki ya toi ilete getini. ZOTE. Zitavunjwa hapo hapo wazazi wakiona.

18:59 Deno Nyumba 3: Na ile ya maji ya binti yangu? Hiyo kazi yake ni kukata kiu tu 😂

19:00 Mama Shiru (Kamati): Deno si mzaha. Vijana wa steji walikuwa wameshaokota mawe.

19:02 Soja Ekiru: Ni kweli mama. Walikuja kama kumi na wawili. Mimi nilisimama mbele ya mtoto nikawaambia ni toi. Nikaigonga kwa ukuta wasikie ni plastiki.

19:03 Mama Shiru (Kamati): Ekiru Mungu akubariki.

19:11 Baba Kevo: Ndio natoka kazini. Kevo ni wangu, sikatai. Maziwa nitalipa leo na kesho asubuhi nampeleka stejini amwombe yule kijana msamaha mbele ya wenzake. Lakini mambo ya kuchukua vitu vya watoto na kuvivunja, hapana. Hiyo tulishaiona.

19:12 Mama Shiru (Kamati): Mliona nini?

19:12 Baba Kevo: Mpira. Aprili.

19:14 Mama Shiru (Kamati): Baba Kevo ule mpira ulipiga dirisha la nyumba 6 mara mbili. Tulikubaliana.

19:15 Baba Kevo: Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa Mombasa. Mtoto amelia wiki nzima, mpaka leo hajaona mpira wala hajaambiwa uko wapi.

19:15 Deno Nyumba 3: Refa apulize, mechi imeanza

19:17 Baba Kevo: Na watoto walikuwa wawili. Mbona ni mmoja tu anayetajwa?

19:18 Soja Ekiru: Mwingine ni Kibet wa 14.

19:24 Mama Brayo: Mimi kinachonitisha ni kingine. Kuna klipu inazunguka ati wezi wananunua hizi toi wanazigeuza zinakuwa bunduki kamili. Ni kweli? Kwa sababu Brayo anazo mbili chini ya kitanda na dada wa kazi anakaa hapo na mtoto mdogo.

19:25 Bi. Zainabu: Hata mimi nimeiona hiyo klipu. Otieno yuko?

19:41 Fundi Otieno: Nipo, nilikuwa nafunga karakana. Mama Brayo lala usingizi. Hiyo ya picha ni plastiki tupu, ndani ni springi na pampu ndogo ya hewa ya kusukuma vile vidonge. Haiwezi kuwa bunduki, hata apewe fundi wa namna gani.

19:44 Fundi Otieno: Nieleze kwa kitu mnachokijua. Tairi la gari unajaza presha ya 30 ama 32. Risasi ya bastola, ile ya milimita 9, baruti ikiwaka ndani, presha yake kwa kipimo hicho hicho inafika 35,000. Sasa chukua hiyo toi iliyoshikwa na skrubu nne ndogo. Itapasuka mkononi mwa aliyeishika kabla risasi haijaenda popote. Zile bastola za kienyeji polisi hupata ni vyuma vilivyotengenezwa upya kuanzia mwanzo. Sio toi.

19:45 Mama Brayo: Asante sana Fundi. Nimepumua.

19:49 Fundi Otieno: Ngoja, sijamaliza. Kuna zile za chuma za kutoa mlio tu, za baruti bila risasi. Hizo sio toi hata kama zinafanana na toi. Hizo ndizo zimesumbua Ulaya. Uingereza kuna aina moja waliipiga marufuku 2010 kwa sababu wahalifu walikuwa wanazigeuza. Na Februari 2025 polisi wa huko huko wakawapa watu muda wasalimishe aina zingine zilizotengenezwa Uturuki, kwa sababu hiyo hiyo.

19:50 Deno Nyumba 3: Zinageuzwaje?

19:51 Fundi Otieno: Hiyo sisemi hapa, na kwa karakana pia sisemi. Nimeshawahi kuulizwa na mtu nisiyemjua, nikafunga mlango.

19:53 Mama Shiru (Kamati): Za chuma za mlio. Si Kocha Kiptoo alikuwa na moja ya kuanzishia mbio? @Kocha Kiptoo

19:53 Mama Shiru (Kamati): @Kocha Kiptoo

19:58 Njoki Nyumba 11: Habari majirani. Mnajua niko ofisi ya wakili, wacha niseme ninachokiona kila wiki. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kifungu cha 34, inahesabu bunduki bandia pamoja na ya kweli mtu akiitumia kwa nia ya uhalifu. Haijalishi kama haiwezi kutoa risasi. Anayeibia watu kwa toi anaweza kushtakiwa wizi wa mabavu. Kevo ni mtoto na nia hiyo hakuwa nayo. Lakini hiyo toi ikiibwa chini ya kitanda cha Brayo ikatumika mtaa wa Pipeline usiku, aliyeelekezewa hataangalia kama ina springi.

20:01 Mama Shiru (Kamati): NDIO NINACHOSEMA.

20:04 Bi. Zainabu: Jamani na mimi mnisikie. Nimenunua dazeni mbili za Krismasi kwa jumla, 180 kila moja. Pesa ya chama. Mkisema leo korti yote isinunue, mimi nakula hasara peke yangu? Na maziwa yangu yamemwagika tayari.

20:05 Mama Shiru (Kamati): Dada Zainabu usiuze.

20:05 Bi. Zainabu: Nani atanirudishia?

20:07 Deno Nyumba 3: Ile pesa ya taa za geti si iko? 👀

20:08 Mama Shiru (Kamati): Deno pesa ya taa ilinunua taa. Risiti nilituma hapa.

20:08 Mama wa Nyumba 6: Taa mbili kati ya nne.

20:09 Mama Shiru (Kamati): Hiyo tutaongea siku nyingine.

20:13 Baba Kevo: Mimi nauliza kwa nia nzuri. Kama Fundi amesema haiwezi kuwa bunduki, na ncha ikibaki na rangi yake ya chungwa, shida iko wapi? Nitaisafisha ile kiwi kwa mafuta ya taa, rangi itarudi. Watoto wote wamecheza polisi na mwizi. Mimi nilicheza kwa bunduki ya shina la mgomba.

20:17 Njoki Nyumba 11: Baba Kevo, Marekani wanalazimisha hiyo rangi ya chungwa tangu 1989. Novemba 2014, mji wa Cleveland, mtoto wa miaka 12 alikuwa na toi kwenye bustani. Ile ncha ilikuwa imetolewa. Aliyepiga simu alisema pengine si ya kweli. Polisi walifika kwa gari, na sekunde mbili hazikuisha kabla hawajampiga risasi. Miaka 12. Kevo ni wa ngapi?

20:19 Baba Kevo: 11.

20:22 Mama Brayo: Uiii.

20:24 Njoki Nyumba 11: Uingereza tangu Oktoba 2007 zinazofanana kabisa na za kweli haziuzwi ovyo. Za kuchezea ziwe za rangi kali ama za kuona ndani. Bi. Zainabu, kwa hizo dazeni zako ziko za rangi gani?

20:26 Bi. Zainabu: Dazeni moja kijani na pinki. Nyingine nyeusi.

20:29 Deno Nyumba 3: Mimi nachukua pinki moja niende nayo kwa mwenye nyumba tarehe tano 🔫😂😂

20:37 Mzee Wafula: Mwanangu Ezra alikuwa amebeba bomba la tangi. Futi moja na nusu. Anampelekea Otieno alichomelee.

20:38 Mzee Wafula: Saa moja jioni. Walidhani ni bunduki.

20:40 Mzee Wafula: Leteni hizo vitu Jumamosi.

*Deno Nyumba 3 amefuta ujumbe huu*

21:02 Fundi Otieno: Mzee. Siku hiyo nilikuwa nimeacha karakana wazi nikimngojea.

21:03 Mzee Wafula: Najua Otieno.

21:10 Deno Nyumba 3: Mzee Wafula naomba msamaha. Sikufikiria.

21:16 Baba Kevo: Baba Ezra nimesikia. Ya Kevo nitaileta mwenyewe, na yeye akiwepo. Sitaki ivunjwe na mtu mwingine, ataivunja kwa mkono wake.

21:18 Mama Shiru (Kamati): Asante Baba Kevo. Na mpira uko kwa stoo yangu nyuma ya mkaa. Umeisha upepo lakini uko. Ningekwambia mapema, nilikuwa naona haya.

21:19 Baba Kevo: Sawa.

21:23 Bi. Zainabu: Nyeusi siuzi. Kesho narudi kwa yule wa jumla nimbembeleze anibadilishie na mipira ama vigari. Akikataa nitasema hapa.

21:25 Mama Brayo: Akikataa tuchange mia mia. Mimi niko.

21:31 Mama Shiru (Kamati): Basi Jumamosi saa kumi, getini. Anayekubali aandike namba ya nyumba.

21:32 Mama Brayo: 8

21:32 Njoki Nyumba 11: 11. Sina toi lakini nitakuja.

21:40 Deno Nyumba 3: 3. Hata ya maji.

22:05 Mama wa Nyumba 6: Jumamosi saa kumi sisi tuko mazishi Molo. Haiwezi kuwa Jumapili?

22:06 Soja Ekiru: Mimi pia Jumamosi niko ofu. Atakuwepo yule mwingine na hajui watoto.

22:09 Mama Shiru (Kamati): Tutaona.

*Ijumaa*

06:14 Kocha Kiptoo: Habari za asubuhi. Niko Iten na wanariadha tangu Jumanne, mtandao ni wa shida. Nimesoma yote sasa. Pole kwa bodaboda, Kibet nitaongea naye. Ile ya kuanzishia mbio ilikuwa ya shule. Sikumbuki vizuri kama niliirudisha ama bado iko juu ya kabati. Siku hizi tunagonga mbao mbili. Nitaangalia nikirudi Jumatatu.

06:15 Mama Shiru (Kamati): Kocha ni ya chuma?

06:17 Kocha Kiptoo: Ya chuma, ndiyo. Nzito kiasi.

06:17 Mama Shiru (Kamati): Nani yuko nyumbani?

06:21 Kocha Kiptoo: Mama watoto yuko Kericho kwao. Ni Kibet na kaka yake tu.

06:21 Mama Shiru (Kamati): Kocha pokea simu.

06:22 Mama Shiru (Kamati): Kocha nakupigia.

06:24 Fundi Otieno: Kocha mpigie huyo kaka mkubwa sasa hivi. Mwambie asiishike, afunge chumba. Na ikipatikana isiletwe getini na zile toi. Inaenda shule ama kituoni, na ni wewe mwenyewe utakayeipeleka.

06:31 Mama Shiru (Kamati): Simu yake haipatikani tena. Ekiru uko zamu?

06:32 Soja Ekiru: Niko mama.

06:40 Soja Ekiru: Nimegonga 14 mara tatu. Redio inalia ndani. Hawafungui.

06:41 Mzee Wafula: Nakuja.