Naombeni ushauri: GoPro na kaiti hapa Paje, mbona mruko mkubwa unaonekana mdogo kwenye video?

Kijana_wa_Paje
Wakuu habari zenu. Ni msaidizi wa mwalimu wa kaiti (ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya ubao majini) hapa Paje, Zanzibar, na msimu huu wa kusi wageni wananiomba niwarekodi wakiwa majini. Nimepata GoPro HERO9, ile kamera ndogo ya michezo, iliyotumika ila nzima kabisa. Tatizo ni hili: mgeni anaruka juu hasa, ufukwe mzima unashangilia, lakini kwenye video namwona mtu mdogo katikati ya bahari na mruko wenyewe hauonekani. Nikiifunga kwenye helmeti yangu napata mawingu na kamba. Halafu matone ya maji yanaganda kwenye kioo yanaharibu kila kitu. Kazi hii naipenda, nataka mtu akifika kwao aione siku yake ilivyokuwa. Nirekodie wapi, na kamera niipangeje?

Mlandege
Umbali tu huo mkuu. Lenzi ya kamera hizi ni pana mno, inamtaka mtu awe mita chache kutoka kwako. Ukibaki ufukweni, hata aruke kupita mnazi utaondoka na nukta. Ingia majini.

Nahodha_wa_Kusi
Nakazia hapo kwa Mlandege. Ndani ya mwamba wa matumbawe pale Paje sehemu kubwa maji ni ya kiunoni, unaweza kusimama, na hiyo ni neema ambayo fukwe nyingi hazina. Lakini chagua pa kusimama. Kaa upande upepo unakotoka, mgeni akupite upande upepo unakoelekea. Kaiti yake muda wote iko upande huohuo, kwa hiyo kamba hazikupitii kichwani, na akianguka anasukumwa mbali na wewe. Upande wa pili unajiweka njiani mwa kamba za mita ishirini na kitu, na ubao juu yake. Hili usilifanyie mzaha hata siku moja.

Tumia fimbo fupi, shusha kamera karibu na uso wa maji, ielekeze juu kidogo. Hakikisha maji yanaonekana chini ya ubao tangu anaondoka mpaka anatua. Jicho linapima urefu kwa kulinganisha. Ukimfuata angani mpaka bahari ikatoweka kwenye picha, hakuna atakayejua kama ni mita moja au sita.

Mipangilio: ukali wa picha 2.7K kwa fremu 120 kwa sekunde, ukija kuihariri kwa fremu 30 unapunguza mwendo mara nne na mruko unapata muda wa kuonekana. Lenzi weka Linear, ile inayonyoosha picha, maana zile pana zaidi zinakunja upeo wa bahari na kumsukuma mtu mbali. Mwanga upunguze nusu hatua, povu na mchanga mweupe visiungue. HERO9 ina HindSight pia, inayohifadhi sekunde 15 au 30 kabla hujabonyeza. Inakula betri, ila kwa miruko naipenda sana: unabonyeza baada ya mtu kutua.

Na usisahau Paje inaangalia mashariki. Asubuhi, ukielekeza kamera baharini, jua liko nyuma ya mgeni, utapata kivuli cheusi. Kuanzia saa tisa alasiri linatoka upande wa nchi kavu, linamwangaza yeye.

Binti_Mawimbi
Kaka, kioo kilambe. Nasema kweli, watu wa kuteleza kwenye mawimbi duniani kote wanafanya hivyo. Mate yanayatandaza maji yakawa utando mwembamba badala ya matone. Lamba, chovya baharini, rekodi, na urudie kila mara.

Funga boya la rangi kali kwenye fimbo, maana HERO9 haielei. Helmeti achana nayo, kamba ya kaiti ikinasa kwenye kamera ni shingo yako. Ukitaka kurekodi ukiwa juu ya ubao, jaribu mkanda wa kifundo cha mkono. Kamera hizi zilianzia hapohapo: Nick Woodman alipata wazo kwenye safari ya kuteleza mawimbini huko Australia na Indonesia mwaka 2002, akitaka kujipiga picha akiwa majini, na GoPro ya kwanza ya 2004 ilikuwa ya filamu, inavaliwa mkononi.

Mtoto_wa_Jambiani
Mdogo wangu, mama yangu ni mkulima wa mwani, kilimo kilichoingia vijiji vyetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yakipwa, kina mama wako palepale mnaporekodia, wameinama kazini. Usiwaingize kwenye video ya biashara bila kuwaomba, na wakikataa geuza kamera. Waeleze wageni pia wasikatize kwenye vigingi vya mwani, kamba zikikatika ni mazao ya mtu yanakwenda na maji. Tena wasalimie kwanza. Ukianza na shikamoo utaelewana nao vizuri.

Diani_Kite
Nipo Diani, pwani ya Kenya. Chumvi ndiyo huua hizi kamera. Ukitoka, iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi mlango wa betri ukiwa umefungwa, bonyeza vitufe vikiwa ndani ya maji, kausha, ndipo ufungue. Punje moja ya mchanga kwenye mpira wa mlango inatosha kupitisha maji.

Kijana_wa_Paje
Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Dada Binti_Mawimbi, kesho nalamba. Mtoto_wa_Jambiani, nimekusikia, wengi wao ni mashangazi na majirani zangu. Swali moja limebaki: kuna mgeni anataka kamera ifungwe kwenye kamba za kaiti, imwone kutoka juu. Inafaa?

Nahodha_wa_Kusi
Inafaa kwa mtu anayejiweza. Inafungwa kwenye kamba mbili za mbele, karibu na kaiti, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba uzito na hazilegei ovyo kama za nyuma. Weka na kamba fupi ya akiba, klipu ikiachia kamera isianguke. Mwanafunzi ambaye kaiti inamwangukia majini kila mara, hapana: kamera itapigwa na maji na kamba zitajisokota wakati wa kuiinua. Yeye mrekodi ukiwa umesimama, kwa fimbo.